Siku Nne Kutoka Colditz Hadi Ramsen

Luteni Airey Neave alikuwa ofisa wa kwanza wa jeshi la Uingereza kutoroka kutoka ngome ya Colditz, kambi ya mateka nchini Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kufika salama katika nchi isiyokuwa vitani, na kwa sababu hiyo safari yake ya Januari 1942 husimuliwa mara nyingi kana kwamba aliifunga peke yake. Alikuwa na mwenzake, Luteni Tony Luteyn, Mholanzi aliyetumikia jeshi la kikoloni la nchi yake katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Kila ninapoipanga safari hiyo siku kwa siku, naona kwamba palipokuwa pabaya zaidi aliyefungua kinywa alikuwa Luteyn. Kwa hiyo nimeiandika hapa kwa tarehe zake, nikianza na vita vilivyomfikisha Neave utekani, ili mwenzake naye apate nafasi anayostahili.

Alhamisi 23 hadi Jumapili 26 Mei 1940, Calais

Neave alikuwa na umri wa miaka 24. Alizaliwa London, akasoma sheria Oxford, na mwaka 1933, akiwa bado mvulana, alipelekwa Berlin kujifunza Kijerumani, akawaona Wanazi wakianza kuitawala nchi. Vita vilipofika Ufaransa alikuwa ofisa katika kikosi cha taa kubwa za kumulikia ndege za adui usiku. Kazi hiyo haikuwa imewatayarisha askari wake kukabiliana na vifaru, lakini tarehe 23 Mei majeshi ya vifaru ya Ujerumani yalifika kwenye kijiji cha Coulogne, nje kidogo ya bandari ya Calais, na watu wa taa wakalazimika kushika bunduki. Kesho yake Neave alijeruhiwa katika mapigano ya mjini.

Brigedia Claude Nicholson, aliyeongoza ulinzi wa Calais, alikuwa ameamriwa aushikilie mji hadi mwisho wala asitegemee meli za kuwaondoa watu wake, ili Wajerumani wacheleweshwe njiani kuelekea Dunkirk. Mji ulianguka tarehe 26, Neave akachukuliwa akiwa majeruhi, na jioni hiyohiyo huko Dunkirk, umbali wa kilomita 40 hivi, ikaanza kazi ya kuwavusha askari zaidi ya 300,000 kwenda Uingereza. Nicholson hakurudi kwao. Alifariki mwaka 1943 akiwa bado mateka.

Kutoka Spangenberg hadi Colditz, 1940 na 1941

Neave alipopona alipelekwa katika kambi ya maofisa ya Spangenberg, karibu na Kassel, na mwanzoni mwa mwaka 1941 akahamishiwa Thorn, mji wa Poland ambao wenyewe wanauita Toruń. Mwezi Aprili alitoroka huko pamoja na ofisa mmoja wa jeshi la anga, wakashika njia ya mashariki wakitumaini kuufikia mpaka wa eneo lililokuwa mikononi mwa Warusi. Walikamatwa karibu na Iłów, wakahojiwa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, mjini Płock, kisha Neave akapelekwa Colditz mwezi Mei. Wajerumani walikuwa wameitenga Colditz kwa ajili ya maofisa waliowahi kutoroka kwingine, na hapo palikuwa na walinzi wengi kuliko mateka.

Ngome yenyewe iko Saxony, juu ya jabali linaloutazama Mto Mulde, na kutoka hapo hadi mpaka wa Uswisi, nchi isiyokuwa vitani, ni mwendo wa mamia ya kilomita. Ndani yake walikuwamo Wapolandi, Wafaransa, Wabelgiji, Waholanzi na Waingereza. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 ulikataza maofisa kulazimishwa kufanya kazi, ingawa uliruhusu askari wa vyeo vya chini watumikishwe. Msomaji wa Kenya anayeteremka Mai Mahiu hupita kikanisa kidogo kilichojengwa mwaka 1942 na mateka wa Kiitalia waliokuwa wakichonga ile barabara. Maofisa wa Colditz hawakuwa na barabara ya kuchonga, basi muda wao wote waliutumia kuchunguza mawe, mabomba na funguo za ngome ile.

Alhamisi, 28 Agosti 1941

Jaribio la kwanza la Neave huko Colditz lilishindwa kwa sababu ya rangi. Alijipatia koti la askari wa Poland, akalipaka rangi ya kijani ya kupambia jukwaa la maigizo ili lifanane na sare ya Kijerumani, akajitengenezea kofia, kisha baada ya mateka kuhesabiwa usiku akajaribu kupita langoni kama askari wa zamu aliyetumwa. Mchana rangi ile iliweza kumdanganya mtu. Chini ya taa kali za ngome ikang'aa kijani kibichi ambacho hakuna askari wa Ujerumani aliyewahi kukivaa, na akakamatwa papo hapo. Baadaye, mateka walipopangwa kuhesabiwa, Wajerumani walimtangaza kwa kejeli kuwa koplo mpya anayekwenda kupigana Urusi, na gwaride zima likacheka.

Mimi sioni kichekesho katika siku hiyo. Alijifunza kwamba sare ya bandia lazima istahimili mwanga, na kwamba mtu aliyevaa sare ya cheo cha chini husimamishwa na kila mtu. Jaribio lililofuata lilijengwa juu ya mafunzo hayo mawili: makoti ya Waholanzi, ambayo kwa kushonwa kwake na rangi yake yalikaribiana sana na ya Wajerumani, na vyeo vya uofisa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Waholanzi waliwazidi Waingereza. Mwaka 1940 mmoja wao, Luteni Hans Larive, alikuwa amekamatwa karibu na mpaka wa Uswisi. Ofisa wa Gestapo aliyemhoji, akiamini kwamba vita vilikuwa karibu kwisha na Ujerumani imeshinda, alimweleza kwa majivuno jinsi ambavyo angeweza kuvuka kwa urahisi karibu na mji wa Singen, mahali ambapo ardhi ya Uswisi inaingia ndani ya Ujerumani kama pembe. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Larive aliyahifadhi maneno yale, Agosti 1941 akatoroka Colditz pamoja na Luteni Francis Steinmetz, na wote wawili wakavuka kwa njia hiyohiyo. Habari za njia ya Singen zilibaki ngomeni, na Waholanzi wakakubali kuwashirikisha Waingereza.

Jumatatu, 5 Januari 1942, usiku wa kuamkia Jumanne

Kapteni Pat Reid, aliyesimamia mipango ya kutoroka upande wa Waingereza, alikuwa amegundua kwamba ukumbi wa maigizo ya mateka ulikaa juu ya chumba kilichofungwa, na kwamba kutoka chumba hicho ujia ulipita juu ya lango hadi kwenye jengo la walinzi. Yeye na Mkanada mmoja, Hank Wardle, walitoboa sakafu chini ya jukwaa, wakaliziba tundu kwa ustadi hivi kwamba Wajerumani waliopekua hawakuona kitu.

Theluji ilikuwa ikianguka. Baada ya kuhesabiwa jioni, Neave na Luteyn walijipenyeza chini ya jukwaa wakiwa wamevaa nguo za vibarua, na juu yake makoti ya kijeshi yenye alama za cheo walizozichonga wenyewe kutokana na vipande vya zulia la linoliamu na kadibodi. Reid na Wardle waliwatangulia, wakateremka kwa kamba ya mashuka, Reid akakifungua kitasa cha mlango wa mwisho, wakaagana gizani. Kuanzia hapo walikuwa wawili peke yao, na mbele yao kulikuwa na ngazi zinazopita kwenye vyumba vya Wajerumani.

Walishuka wakitembea kama watu waliokuwa na haki ya kuwa pale. Mlinzi wa mlangoni aliwapigia saluti. Wakapita lango la pili, wakavuka ua, wakafika kwenye daraja, na hapo wakafungua mlango mdogo ulioteremka kwenye handaki kavu linaloizunguka ngome. Humo askari mmoja aliyekuwa akija upande wao akasimama akawakodolea macho. Neave alikijua Kijerumani, lakini lafudhi yake isingeweza kustahimili ukaguzi. Luteyn alimgeukia askari yule akamuuliza kwa ukali kwa nini hapigi saluti. Askari akapiga saluti, akaenda zake.

Huo ndio mfano wa kwanza wa jambo ninalolisema. Kwa karatasi na makoti peke yake wangeishia pale kwenye handaki. Askari wa Ujerumani wa mwaka 1942 alikuwa amefundishwa kuisikia amri kabla ya kumtazama usoni anayeamrisha, na Luteyn alijua sauti ambayo ofisa wa Kijerumani huitumia kwa mtu wa chini yake.

Walipanda ukuta mrefu wa bustani, mawe yake yakiwa yamefunikwa na barafu, kila mmoja akimvuta mwenzake, wakaangukia upande wa pili. Wakavua makoti, wakayafukia, wakawa vibarua wawili wa Kiholanzi. Hati zao za bandia zilisema ni mafundi umeme wanaohamishwa kikazi kutoka Leipzig kwenda Ulm. Walitembea usiku huo mwendo wa kilomita 10 hivi mpaka stesheni ya Leisnig, wakisubiri treni ya alfajiri pamoja na wafanyakazi wengine waliokuwa wakitetemeka kwa baridi.

Jumanne, 6 Januari, Leipzig

Walifika Leipzig kabla hakujapambazuka, na treni ya Ulm ilikuwa inaondoka saa nne na nusu usiku. Walikuwa na mchana mzima wa kupoteza katika mji mkubwa wa adui.

Katika chumba cha kungojea abiria, Neave alitoa mche wa chokoleti akaanza kula. Chokoleti ile ilitoka kwenye vifurushi vya Msalaba Mwekundu vilivyokuwa vikiwafikia mateka, na Wajerumani wa kawaida walikuwa hawajaiona kwa muda mrefu. Watu wakaanza kumtazama na kunong'onezana. Luteyn alimwashiria waondoke, nao wakatoka nje polepole bila kukimbia. Ukiisoma habari hii harakaharaka unaweza kuidharau, lakini ndilo kosa lililokaribia kuwamaliza siku ile: kibarua maskini hawezi kuwa na chakula ambacho tajiri wa mjini hakipati, na mateka aliyezoea kifurushi chake anasahau kwamba amekuwa tajiri.

Mchana waliumalizia barabarani na ndani ya sinema, ambako walikaa gizani pamoja na askari wa likizo wakitazama habari za vita kama zilivyosimuliwa na upande mwingine. Baridi ilikuwa kali na sinema ilikuwa na joto.

Usiku ndani ya treni walisimama kwenye ujia wa behewa mpaka ofisa wa SS, kikosi cha Wanazi, alipowaita waingie katika chumba chake wakae. Aliwauliza kama wao ni Wayahudi. Luteyn alijibu kwamba hapana, wao ni Waholanzi, na mazungumzo yakaendelea kuhusu Uholanzi na kazi. Nasimama hapa kidogo, kwa sababu swali lile lilikuwa na uzito kuliko safari ya maofisa wawili. Mateka wa kijeshi aliyekamatwa alirudishwa kambini akafungiwa peke yake kwa majuma kadhaa. Myahudi aliyekamatwa ndani ya treni ile asingekuwa na mkataba wowote wa kumlinda. Wote wawili walilijua hilo walipokuwa wakitabasamu na ofisa yule.

Jumatano, 7 Januari, Ulm

Asubuhi walishuka Ulm. Hati zao zilikomea hapo. Singen ilikuwa bado mbali upande wa kusini, karibu na mpaka. Luteyn alikwenda dirishani kuomba tiketi mbili za Singen, na karani wa tiketi akakunja uso. Singen ilikuwa katika eneo la mpakani, na wageni wawili wa kigeni hawakuwa na sababu ya kwenda huko. Akamwita polisi wa reli.

Walipelekwa ofisini kwa luteni wa polisi. Aliuliza, akapekua hati, akaridhika kwamba ni vibarua wa Kiholanzi waliochanganya mambo, na akaagiza polisi mmoja awasindikize hadi ofisi ya kazi wakapangiwe shughuli. Mtu anaweza kusema hapo palikuwa na bahati, nami sikatai, ila bahati hiyo ilitengenezwa na maneno: Luteyn alikuwa ameieleza hadithi yao kwa utulivu kiasi kwamba luteni yule aliona kero ya makaratasi mahali palipokuwa na maadui wawili wa nchi yake. Msindikizaji aliwaacha waingie ndani ya jengo, yeye akabaki akiwangoja. Wao wakapanda ngazi, wakateremkia upande wa pili, wakatokea nyuma, wakapotelea mitaani.

Stesheni ya Ulm ilikuwa imefungwa kwao. Wakaondoka kwa miguu hadi mji mdogo wa Laupheim, na huko wakakata tiketi za Stockach bila mtu kuwauliza lolote. Walifika Stockach usiku, wakaanza kutembea kuelekea Singen kwenye barabara iliyojaa theluji.

Alhamisi, 8 Januari

Kabla ya mapambazuko walikutana na watu waliokuwa wakienda kazini, na watu hao wakawatilia shaka. Neave na Luteyn hawakungoja kuona shaka hiyo itaishia wapi. Waliingia msituni mbio, na katikati ya miti wakakuta kibanda cha mfuga nyuki, kitupu, kwani majira ya baridi nyuki hawashughulikiwi. Walivunja wakaingia, wakalala mchana kutwa huku miguu yao ikiwa imekufa ganzi na chakula kikiwa karibu kuisha.

Humo ndani walikuta makoti meupe ya mfuga nyuki, na sepetu. Waliyachukua makoti. Waliichukua na sepetu pia, kwa kuwa mtu mwenye chombo cha kazi begani huonekana ana mahali anakokwenda.

Giza lilipoingia walitoka, na haukupita muda vijana wawili wa Hitler Youth, umoja wa vijana wa Wanazi, wenye baiskeli na rungu wakawasimamisha. Vijana hao walisema wametumwa kuwatafuta mateka wawili wa Kiingereza waliotoroka, ambao walidhaniwa wangejaribu kuvuka mpaka usiku huo. Kwa mara nyingine Luteyn ndiye aliyejibu: wao ni wafanyakazi wanaokaa Singen, wanarudi kwao. Vijana waliridhika, wakaendelea na msako wao.

Huwa nafikiri juu ya vijana wale. Walikuwa wamefundishwa kumtafuta Mwingereza, na Mwingereza alikuwa mbele yao kimya, sepetu begani. Kwa sababu aliyesema alisema kama mtu wa huko, hawakuwa na haja ya kumwuliza yule mwingine.

Usiku wa kuamkia Ijumaa, 9 Januari, Ramsen

Waliupita mji wa Singen, wakaifuata nchi upande wa kusini mpaka walipoiona barabara ya mpakani na mlinzi akitembea juu yake. Walilala kwenye mtaro wakiyatazama mawingu na kuusikiliza upepo, wakingoja mwezi uzibwe na mlinzi ageuke. Mbele yao, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na uwanda mtupu wa theluji, na ndipo makoti ya mfuga nyuki yalipopata kazi yake. Waliyavaa, wakavuka barabara, wakatambaa, wakainuka, wakazama mpaka magotini, wakaendelea. Sehemu hii Luteyn hakuweza kuisaidia kwa ulimi. Hapa walikuwa sawa, watu wawili weupe juu ya weupe, na aliyeona vibaya zaidi alimfuata mwenzake.

Baada ya usiku wa manane walifika katika kijiji cha Ramsen, na mlinzi wa mpaka aliyewasimamisha alikuwa Mswisi.

Baada ya Ramsen

Usiku uliofuata wao kuondoka Colditz, Luteni John Hyde-Thomson na Mholanzi mwingine, Luteni Donkers, walipita chini ya jukwaa lilelile, kwa njia ileile. Walifika Ulm na wakakamatwa hapo, katika mji ambao siku iliyotangulia ulikuwa umeshapata mashaka ya Waholanzi wawili wanaotaka kwenda Singen.

Neave aliondoka Uswisi majira ya kuchipua, akavushwa kwa siri kupitia Ufaransa na Marseille na wanamtandao waliowasaidia watoro, akapanda milima ya Pyrenees kwa miguu kuingia Hispania, akafika Gibraltar, na mwezi Mei 1942 alikuwa Uingereza. Akaingizwa katika idara ya ujasusi ya MI9, ambayo kazi yake ilikuwa kuwasaidia askari waliokwama nyuma ya mistari ya adui, na kwa miaka mitatu akawapangia wengine njia kama ile iliyomtoa yeye, akitegemea kila mara watu wa nchi nyingine waliojua lugha, njia na desturi ambazo mtoro hakuzijua.

Usiku wa Jumapili, 22 Oktoba 1944, huko Uholanzi, kazi hiyo ilifika kwenye ukingo wa Mto Rhine. Askari wa miavuli wa Uingereza waliosalia tangu vita vya Arnhem mwezi uliotangulia walikuwa wamefichwa majumbani na misituni na Waholanzi, waliowalisha na kuwaongoza hadi mtoni huku doria za Wajerumani zikipita karibu. Risasi za kung'aa zikafyatuliwa kutoka kusini kuonyesha mahali pa kuvukia, taa nyekundu ikajibu kutoka ng'ambo, na mashua zikasukumwa majini. Watu zaidi ya 130 walivushwa usiku huo.